Uzi wa Mwisho wa Vazi la Bwana

Jumapili, tarehe 3, mwezi wa tatu

Kwako mdogo wangu Chiriku,

Anayeandika ni mke wa mwanangu, huyu ninayemwita Mkono Mzito. Nimemwambia aandike kila neno ninalosema, hata kama linamhusu yeye, asije akaanza kupamba. Simu uliyonipigia juzi haikunifaa kitu. Nilikuwa bado kwenye salamu, ikakata. Mimi kusema kwangu kunataka nafasi, unanijua, nikianza na bei ya vitunguu naweza kuishia kwenye harusi ya shangazi.

Hali yangu nzuri. Magoti ndiyo yanalia nikipanda ngazi za hekalu, kwa hiyo siku hizi sipandi, nasimama chini nafumba mikono, Bwana Krishna ananiona hata huko. Macho ni mazima kabisa. Naona hadi sisimizi ukutani. Andika hivyo, mbona umesimama? Haya.

Nimeanza kumshonea Bwana vazi la baridi. Lile la mwaka jana limeshakaa msimu wake, na baridi ya safari hii watu wanasema itakuja mapema. Nilikwenda kwa muuza vitambaa kutafuta mahameli ya manjano, ile ya rangi ya binzari anayopenda Bwana, na huyu muuzaji kijana akaniletea kitambaa chepesi kama karatasi ya kufungia sabuni. Akaniambia, bibi, chukua hiki, jiwe halisikii baridi. Nikamwambia, na wewe unaisikia, lakini mbona sijawahi kukushonea bure? Wateja wakacheka, akanishushia mahameli ya kweli kutoka juu kabisa.

Unakumbuka kazi ilivyo. Bwana wetu amesimama miguu imepishana, nyonga ya kushoto imetoka, mikono ameinua upande mmoja kushika filimbi. Ukimkatia kama unavyomkatia mtu, pindo linapanda upande mmoja, anaonekana amevaa nguo ya kuazima. Lazima kushoto uongeze kitambaa, na mgongoni uache wazi uweke kamba, kwa maana Yeye hanyanyui mikono avishwe. Mama alitupima kwa shibiri na kwa macho. Wewe ulikuwa na mkono mzuri kuliko wangu, nitasema leo kwa sababu uko mbali. Halafu akaja fundi saa wako, ukaolewa, ukaniachia Bwana peke yangu na sindano zote.

Silalamiki. Kuhani anaiita dharma, na akianza kuieleza hamalizi mpaka watu wanaanza kutazama viatu vyao. Mama alisema kwa kifupi kwamba hii ndiyo kazi iliyokukuta. Basi ilinikuta mimi.

Mkono Mzito huyu ameniomba tena nimfundishe. Yeye anashona nguo za wanafunzi kwenye karakana, anakanyaga cherehani kama anaua nyoka. Nikamwambia ngoja kwanza mkono uwe mwepesi. Anaandika hapa ameinamisha kichwa, lakini mimi naamini mtu aambiwe mbele yake. Kazi yake kwa sasa ni kunitungia uzi kwenye sindano asubuhi kabla hajaondoka, anazichoma kwenye kipande cha sabuni zikae tayari. Si kwamba siwezi kutunga. Ni kuokoa muda.

Na kile cha mwisho cha mama, unakijua, bado nakifanya. Sikitaji hapa, maana kalamu haiko mkononi mwangu.

Msalimie shemeji na saa zake.

Dada yako.
(Alama ya kidole gumba chake nimemwekea hapo chini mwenyewe. Mwandishi.)

—

Jumanne, tarehe 12, mwezi wa tatu

Dada yangu mpenzi,

Naandika kwa mkono wangu, kwa hiyo mistari ikiteleza usinicheke. Barua yako shemeji yako aliisoma kwa sauti pale mezani na akacheka mpaka akadondosha kigurudumu cha saa ya mteja. Tumetambaa sakafuni wote wawili kukitafuta. Kilikuwa kwenye soksi yake.

Nyumba ni ile ile. Saa zimejaa kila ukuta na hakuna mbili zinazokubaliana. Moja ikitangaza mchana nyingine inaanza kujiuliza. Nimezoea, lakini siku hizi zinanigonga ndani ya kichwa. Si kitu. Kichwa tu na ganzi kidogo vidoleni.

Dada, njoo. Nasema njoo sasa, si baada ya vazi. Najua utasema Bwana atapata baridi. Bwana alikuwa na nguo kabla mimi na wewe hatujazaliwa, na siku tutakapoondoka hatabaki uchi. Mwachie mtu mwingine msimu huu mmoja. Huyo unayemwita Mkono Mzito anaandika mwandiko mzuri, mwembamba, uliosimama sawasawa. Mimi namtazama mtu mkono wake kwenye karatasi, na huu si mkono mzito.

Usikasirike na nitakalosema. Nakujua tangu tunalala kitanda kimoja. Wewe umemkabidhi Bwana kila kitu. Ulimkabidhi mumeo alipokufa, hukulia hadharani. Unamkabidhi mwanao kila anapoondoka na lori lake. Umemkabidhi kila kitu isipokuwa sindano.

Na ukija, niletee lile vazi la mwaka jana likishavuliwa. Nataka kujifunika nalo. Nina hamu ya kushika mishono yako, na kile cha mwisho cha mama kwa kidole changu. Mfundishe na huyo binti. Mimi na wewe tukiondoka, nani atajua?

Njoo, tugombane uso kwa uso.

Mdogo wako,
Chiriku

—

Jumatano, tarehe 20, mwezi wa tatu

Kwako Chiriku,

Barua yako ilinikasirisha mpaka chai ikapoa mkononi. Isipokuwa sindano! Nani alikuambia? Mimi nimekaa na sindano hii tangu mama anaushika mkono wangu kwa nyuma kunielekeza, na wewe umekaa na mume wako mnatafuta vigurudumu kwenye soksi. Mtu anayefanya kazi yake ndiye anayeambiwa hajajikabidhi? Na anayekaa?

Haya, nimepumua. Mkono Mzito ananiambia nisiseme hivyo, mama mdogo ataumia. Nimemwambia aandike, tumezoeana. Ukiumia utaniambia.

Naja. Nimesema naja, lakini baada ya vazi. Pamba ya ndani nimeshaitandika kifuani, nimeanza kuikamata kwa mishono midogo ya mraba, ile ambayo mama alisema ionekane kama shamba limelimwa na mtu mwenye subira. Bado mgongo na mikono. Nikiacha sasa, nani ashike? Mke wa kuhani anashona vifungo tu, na hata hivyo vinatoka. Siwezi kumwacha Bwana kwenye baridi nikaja kukaa kwenye kochi lako nasikiliza saa. Ningekuwa nakaa roho imebaki huku.

Tena nikuambie kitu, utajua kwa nini siwezi kuacha. Mwaka jana kuhani alishuka ngazi yeye mwenyewe mpaka pale chini ninaposimama. Akasema, mama, tangu niwe kuhani sijaona vazi limeshonwa kwa mkono mwepesi namna hii, mishono haionekani ilikopita. Uzeeni kwangu, Chiriku! Watu wanachoka, mimi mkono unazidi kuwa mzuri. Hiyo si neema? Bwana akikuongezea mkono uzeeni ni kwamba bado anakuhitaji kazini.

Mkono Mzito ameacha kuandika. Namuuliza nini, anasema wino.

Haya. Ganzi ya vidole paka mafuta ya ufuta uyapashe kwanza, usipake ya baridi kama ulivyokuwa unafanya kwa uvivu. Kichwa ni saa zile, mwambie mumeo azitoe nusu. Vazi la mwaka jana nitakuja nalo, kuhani hulifunga kwenye karatasi vazi jipya likishavishwa, ndivyo ilivyo. Kwa hiyo unaona, hata ukitaka hilo vazi lazima usubiri. Nimekushinda hapo.

Nikimaliza tu, naja.

Dada yako
(kidole gumba)

—

Jumatano hiyo hiyo

Shikamoo mama mdogo,

Hii naiandika peke yangu, karakanani, wakati wa chakula. Nitaituma kwenye bahasha nyingine. Nakuomba unisamehe kwa kuingia kati ya mtu na dada yake.

Mama haoni. Si kwamba haoni kabisa, anaona mwanga na anaona mtu akisimama mlangoni, lakini kitambaa haoni na uzi haoni. Sindano ninazomtungia asubuhi anazipapasa kwenye sabuni. Anashona kwa kugusa. Mishono mingine inakwenda vizuri, kwa sababu mikono yake inakumbuka, halafu mahali fulani inapotea, inapanda juu ya mwenzake, au anashona hewa na sindano inatoka bila kukamata pamba. Mwaka jana nilipopewa vazi nilipeleke hekaluni nililifungua hapa karakanani nikaona siwezi kulifikisha hivyo. Nilifumua nikashona upya, kwa mkono, si kwa cherehani. Nilikuwa nimemtazama miaka mingi nikiwa napika. Hata ncha za nyuzi anasahau kuzifunga, nilikuta uzi umeachwa unaning'inia kwa ndani, nikaufunga mafundo mawili moja juu ya jingine, kama tunavyofanya kwenye nguo za wanafunzi ili zisifumuke.

Kuhani alipomsifu nilikuwa nimesimama nyuma yake. Mama alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Tangu siku hiyo sikuweza tena kusema.

Nilitaka sana anifundishe. Sasa najifunza kwa kufumua kazi yake, na inaniuma kila nikikata uzi wake. Mama mdogo, nikimwambia macho yamekwisha, nitakuwa nimemwambia dharma yake imekwisha, maana anaamini hivyo viwili ni kitu kimoja. Nisipomwambia, hatakuja kwako. Anakaa kwa ajili ya kazi ambayo mimi naifanya upya nyuma ya mgongo wake. Angeweza kupanda basi kesho.

Leo alipokuwa anasema neema, nilishindwa kuandika. Nilisema wino.

Niambie nifanye nini. Ukisema nimwambie, nitamwambia.

Mimi mtoto wenu,
mke wa dereva

—

Alhamisi, tarehe 4, mwezi wa nne

Kwako Chiriku,

Umeninunia. Sawa. Nilijua utanuna ila sikujua utanuna mpaka hivi. Tulipokuwa wasichana ulikuwa unanuna kuanzia kifungua kinywa mpaka mchana, halafu njaa inakushinda, unaniuliza kama kuna ndizi. Sasa umepata mume anakupa ndizi bila kuuliza, unaweza kununa mwezi mzima.

Kila siku namuuliza Mkono Mzito kama kuna barua. Anasema hakuna. Sauti yake inakuwa ndogo anaposema hivyo, nadhani hata yeye unamsikitisha. Ile habari ya sindano nimeifikiria. Sikubali, lakini nimeifikiria. Nimekaa nayatunga majibu, ninayo majibu mazuri, nitakupa mbele ya uso wako maana mengine hayafai kupita mikononi mwa mwandishi.

Vazi limekwisha. Jana nimefika kwenye mwisho, upande wa moyo, nikafanya kile cha mama, nikakaa nalo mapajani jioni yote. Sijui kwa nini nililia kidogo. Si huzuni. Linakwisha tu, unajua, mtu anabaki na mikono. Mkono Mzito atalipeleka hekaluni, na lile la zamani litakuja limefungwa, nalo mimi nalichukua vile vile napanda basi.

Kwa hiyo acha kununa. Nikifika nataka nikusikie kuanzia mlangoni.

Dada yako
(kidole gumba)

—

Jumanne, tarehe 9, mwezi wa nne

Kwako mwanangu, mke wa dereva,

Mimi si mtu wa maneno, utanisamehe. Ninayeandika ni baba yako mdogo, fundi saa.

Mama yako mdogo alianguka siku barua zenu mbili zilipofika. Ni kiharusi. Upande wa kulia hausogei na hasemi. Daktari anasema kuishi ataishi, kusema hajui. Kichwa kilikuwa kinamsumbua tangu mwanzo wa mwaka, na daktari alishamwonya. Alinikataza nisimwambie dada yake. Alisema, nataka aje kwa sababu amenikumbuka, asije kwa sababu ya kuogopa. Nami nilinyamaza. Sasa naona nilinyamaza zaidi ya nilivyotakiwa, na barua ya dada ya tarehe nne ilipofika, ile ya kununa, nilishindwa kuimaliza kusoma.

Barua yako ya siri nilimsomea akiwa kitandani, nikidhani itamfariji kujua kuna mtu wa kushika kazi. Alisikiliza. Nilipofika pale unaposema unazifunga ncha za nyuzi, alinikamata mkono kwa nguvu, kwa ule wa kushoto, akawa anasokota kidole na kidole, anasokota na kuachia, anasokota na kuachia. Alitaka kusema kitu. Nilimletea maji, hakutaka. Nilimletea kalamu, ikaanguka. Sijui alitaka nini na inanitesa.

Mwambie dada yake habari ya kiharusi. Ya macho mwachie mwenyewe aifikie. Mpandishe basi.

Baba yako mdogo

—

Jumapili, tarehe 21, mwezi wa nne

Mwanangu,

Leo anayeandika ni shemeji, na anaandika kama anatia meno kwenye gurudumu la saa, kwa hiyo ukiona nimesema machache ujue si kwa kupenda kwangu. Usishtuke kuona nimekuita mwanangu. Jina lile jingine nililiacha kituo cha basi.

Nilifika. Dereva wa basi alinishusha mpaka mlangoni. Kitu cha kwanza nilichosikia ni kimya. Shemeji amezisimamisha saa zote, zinamsumbua mgonjwa. Nyumba ile ya kelele, mwanangu, ningepita nje nisingeijua. Nikapapasa ukuta mpaka chumbani, nikakaa kitandani, nikamshika uso. Mdomo umeteremka upande mmoja. Nikamwambia, nimekuja.

Mimi nilikuwa nimesafiri na maneno ya mwezi mzima. Majibu yote ya ile habari ya sindano niliyapanga njiani, la kwanza mpaka la mwisho. Nikamwambia yote kwa sababu sikujua la kufanya na mdomo wangu. Anapumua tu. Tangu tuzaliwe hii ndiyo mara ya kwanza nimemshinda Chiriku kwa ubishi, na nilitamani anishinde.

Basi nikafungua lile furushi la kuhani, nikamfunika na vazi la mwaka jana kama alivyotaka. Mkono wake wa kushoto, huo mzima, ukaingia kwa ndani. Ukapita kifuani, ukashuka kwenye pindo, ukapanda upande wa moyo, polepole, kama mama alivyokuwa anakagua kazi yetu. Ukasimama. Ukarudi nyuma kidogo, ukaja tena, ukasimama pale pale. Akanikamata kidole akakivuta mpaka hapo.

Fundo. Moja juu ya jingine.

Sasa nikuambie kile cha mwisho, kwa sababu hukukijua na hukukijua kwa ajili yangu. Mama yetu alitufundisha kwamba uzi wa mwisho haufungwi. Unauacha shibiri moja, kwa ndani, upande wa moyo, hauna fundo wala huukati mfupi. Alisema, mkono uliazimwa, macho yaliazimwa, hata hamu ya kushona iliazimwa. Ukifunga fundo umesema hii ni yangu nimemaliza. Usiseme. Achia pale, Mwenyewe atafunga. Na vazi halifumuki kwa sababu mishono ya nyuma yake tunairudia mara mbili, hiyo nayo nitakufundisha. Wewe uliona uzi unaning'inia ukadhani bibi kasahau. Mshonaji yeyote mzuri angefanya ulivyofanya.

Halafu nikaacha fundo nikapapasa mishono mingine. Ni midogo. Inalingana. Mikono yangu inajua ilichokishona na hiki haikukishona. Nikamuuliza shemeji, hii kazi ya nani? Akaenda kwenye droo ya vyombo vyake akaja na barua yako akanisomea, na anasema nisiandike kwamba sauti yake ilitetemeka, lakini ilitetemeka.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilikukasirikia mchana wote. Nikasema mengi, shemeji anayajua, hatayaandika. Halafu jioni nikawa namlisha uji kwa kijiko, unatoka upande wa mdomo ulioteremka, namfuta, namlisha, na pale nikaona kinachoniuma si wewe. Siku barua yake ilipokuja kusema njoo, Chiriku alikuwa na mdomo. Ningepanda basi siku ile tungegombana wiki nzima, tungecheka, angenitukana kuhusu mafuta ya ufuta. Nilibaki nyumbani nikilinda kazi iliyokuwa imeshatoka mikononi mwangu. Nilimnyima mdogo wangu masikio yangu akiwa bado na la kuyaambia, kwa sababu ya mishono ambayo wewe uliifumua karakanani huku unakula mkate. Na siku zote nikisema ni kwa ajili ya Bwana. Nimemuuliza Bwana kama ndivyo. Bado sijapata jibu, na sidhani nitalipenda.

Macho ni kweli. Najua tangu mwaka juzi. Sikumwambia mtu, nikadhani nisipomwambia mtu Bwana naye hatajua.

Sasa sikiliza kazi. Vazi la joto utalishona wewe. Kata kushoto kwa kuongeza, usiogope, ukiona ni refu mno ndiyo liko sawa. Kamba za mgongo zisiwe za hariri, zinateleza. Sindano za mama ziko kwenye mkebe wa bati chini ya godoro langu upande wa ukuta, chukua zote. Kuhani akishuka ngazi kusifu, usimwambie ni mimi. Wala usimwambie ni wewe. Mwache apande ngazi zake.

Mimi sirudi karibuni. Kuna mtu hapa wa kulishwa, na hii nayo imenikuta.

Fundo lako tulijaribu kulifungua. Chiriku alilichokonoa kwa ukucha asubuhi nzima, akashindwa, mimi nikajaribu, nikashindwa. Wasichana wawili wa mama yetu hatuliwezi fundo moja. Umefunga vizuri mno, mtoto wewe. Shemeji akaleta kibano chake cha saa, akasema nipeni mimi dakika moja. Chiriku akavuta vazi upande wake, akalificha fundo ndani ya kiganja. Hataki liguswe tena. Shemeji anasema amecheka kwa upande ule wa mdomo uliobaki, mimi sikuona, namwamini.

Sasa amelala amelishika. Nikijaribu kuutoa mkono anaamka. Basi nimeacha.

Mama yako
(kidole gumba)